Mkemia anayependa nyota: je, huu ni utajiri au ni utoro?

Swali kutoka kwa Binti wa Ngomeni, Malindi

Assalaamu alaykum, na salamu kwenu nyote. Ninaleta swali ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita, na ninawaomba wenye uzoefu wanijibu kwa uwazi hata kama jibu lenyewe ni chungu.

Mimi ni mkemia. Kazi yangu ni kupima maji ya visima katika vijiji vilivyo kati ya Malindi mjini na Ngomeni: kiasi cha chumvi, ugumu wa maji, naitreti na mengineyo. Kazi hii ninaipenda, wala sijawahi kuifanya kwa ulegevu. Hata hivyo, baada ya saa za kazi akili yangu huwa angani. Tangu nilipomaliza shahada ya pili nimesoma vitabu vingi zaidi vya astronomia kuliko vya kemia, na ninalo daftari ambamo kila usiku, mawingu yakiruhusu, ninachora umbo la mwezi na kuandika saa uliyochomoza. Mwezi uliopita, katika kikao cha kutathmini kazi zetu, mkubwa wangu alilikuta daftari hilo juu ya meza ya maabara. Alilifungua, akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mwanasayansi anayehangaikia fani ya wengine ni yule ambaye fani yake mwenyewe imemshinda, kisha akanikumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka. Sikumjibu. Lakini maneno yale yameniumiza kwa sababu sina hakika kwamba si ya kweli.

Mapenzi haya hayakutoka hewani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Ngomeni. Aliwaona Waitaliano wakilisimamisha jukwaa lao la San Marco katika maji ya Ghuba ya Ungwana, na alikuwa hai na mwenye nguvu zake tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Scout iliporuka kutoka jukwaani hapo ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Yeye alinihadithia moshi na ngurumo. Mengine niliyajua baadaye shuleni. Kumbe chombo kile kilikuwa cha kwanza duniani kupelekwa juu mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, ambazo angahewa letu huzizuia zisitufikie huku chini. Hadi kilipokoma kufanya kazi mwaka 1973, vipimo vyake vilikuwa vimewawezesha wataalamu kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vya chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1 vilikuwa miongoni mwa vilivyowafanya watu waanze kuamini kwamba mashimo meusi, ambayo hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, yapo kweli. Mtoto aliyekua akiitazama miguu ya jukwaa lile kutoka ufukweni angewezaje kutoitamani sayansi hiyo?

Nilipozidi kusoma niliona jambo lililonishangaza. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru na kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, hakuanzia kwenye nyota bali kwenye fizikia ya miale ya kosmiki. Karl Jansky, mtu wa kwanza kuyanasa mawimbi ya redio yanayotoka katikati ya kundi letu la nyota, naye alikuwa mhandisi wa redio aliyetumwa kutafuta chanzo cha mikwaruzo iliyosumbua simu za kuvuka bahari ya Atlantiki. Alitangaza ugunduzi wake mwaka 1933, na wanaastronomia wengi wa wakati huo hawakujua waufanyie nini.

Basi nauliza. Kwa nini wanasayansi wengi huvutwa na fani zisizo zao? Je, mapenzi hayo huisaidia kazi yao au ni namna ya kuikimbia? Na ikiwa yanasaidia, husaidia kwa njia gani hasa? Siombi kufarijiwa. Naomba mifano.

Jibu kutoka kwa Mwalimu wa Langoni, Lamu

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Nilifundisha fizikia kwa miaka 34 kabla ya kustaafu, na muda wote huo nilikuwa nikisoma habari za samaki. Kwa hiyo mfano wangu utakuwa wa samaki, na hutakuwa na haja ya kwenda mbali kumtazama, kwa kuwa yupo papo hapo mjini kwako, amehifadhiwa katika Makumbusho ya Malindi. Ni silakanthi, samaki wa jamii ya kale sana, aliyenaswa mwaka 2001 na meli ya kukokota nyavu nje ya Malindi, mwenye uzito wa takriban kilo 77. Watu wengi humpita haraka wakielekea kwenye picha za zamani za mji. Ukienda, simama mbele yake uyatazame mapezi yake yenye vikonyo kama viungo, kwa sababu aliyemtambulisha samaki wa aina hiyo kwa ulimwengu wa sayansi alikuwa mkemia mwenzako.

Mnamo Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa makumbusho madogo ya mji wa East London nchini Afrika Kusini, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Yeye mwenyewe moyo wake ulikuwa kwa ndege. Katika rundo lile aliona samaki wa rangi ya buluu, mwenye magamba magumu kama ngao, asiyefanana na yeyote aliyewahi kumwona. Mkubwa wake alimwambia kuwa ni chewa tu. Hakukubali. Alimchora, akaambatisha mchoro ule kwenye barua na kumpelekea J. L. B. Smith, ambaye alikuwa mhadhiri wa kemia katika chuo cha mji wa Grahamstown, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Cambridge.

Kwa nini barua ya samaki ipelekwe kwa mwalimu wa kemia? Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Smith alipenda kuvua tangu utotoni, na mapenzi hayo hakuyaficha wala hakuyaacha yabaki kuwa burudani ya jioni. Alijifunza kuhesabu miiba ya mapezi na safu za magamba kwa usahihi uleule aliopimia kemikali zake. Aliandika makala za kitaalamu kuhusu samaki. Tena alijitolea kuyasaidia makumbusho madogo ya pwani yasiyo na mtaalamu kuwatambua samaki wao. Miaka mingi ya kazi hiyo isiyo na malipo ndiyo iliyoifanya barua ile ijue njia ya kwenda. Alipouona mchoro, alimkumbuka mnyama aliyekuwa akimjua kutokana na visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, na ambaye wataalamu wote waliamini kuwa alitoweka pamoja na dinosaria. Alisitasita kwa majuma kadhaa, akiogopa kudhihakiwa, na hofu yake haikuwa ya bure, kwa maana mkemia anayetangaza kwamba mfu wa mamilioni ya miaka yu hai anaweka heshima yake yote rehani. Alipomwona samaki mwenyewe mwezi Februari 1939, shaka ilimtoka. Akampa jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya yule msichana na ya mto Chalumna, ambao samaki alinaswa karibu na mlango wake.

Kisha akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alichapisha vipeperushi vyenye picha na ahadi ya pauni 100, vikasambazwa katika pwani hii yetu. Mwezi Septemba 1952 mkewe, Margaret, alimpa nahodha mmoja Mwingereza, Eric Hunt, vipeperushi hivyo mjini Zanzibar, na mwezi Desemba samaki wa pili akapatikana Komoro, katika kisiwa cha Nzwani. Wavuvi wa huko walikuwa wakimjua siku zote kwa jina la gombesa. Jambo hilo huwa ninalirudia kila ninapoisimulia habari hii, kwa kuwa mara nyingi jambo lililo fumbo katika fani moja ni la kawaida kwa mtu wa nje ambaye hakuna aliyemuuliza.

Umeuliza mapenzi ya namna hii husaidia kwa njia gani. Ninavyoona mimi, huandaa jicho. Mtu hawezi kulitambua jambo geni kwa kuliangalia tu. Lazima awe amekwisha kuishi na mambo ya kawaida ya fani hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba lisilo la kawaida humgutusha lenyewe. Kuhusu mkubwa wako, sitamsema vibaya nisiyemjua. Lakini Smith aliendelea kufundisha kemia hadi mwaka 1946, na aliandika hata vitabu vya kufundishia somo hilo. Sijui ni nani angesema kwamba kemia ilimshinda.

Jibu kutoka kwa Tabibu wa Mkomani, Lamu

Mwalimu, shikamoo. Umesimulia vizuri, na mimi pia nimemtembelea samaki yule. Lakini dada yetu ameomba ukweli hata ukiwa mchungu, nami naona mizani imeelemea upande mmoja. Mifano ya waliofanikiwa huhifadhiwa na kusimuliwa. Ya waliopotea husahaulika, ilhali ndiyo inayofundisha zaidi.

Mtazameni Linus Pauling. Alipewa Nobel ya kemia mwaka 1954 kwa kueleza jinsi atomu zinavyoshikamana, na ile ya amani mwaka 1962. Ni vigumu kumtaja mkemia wa karne iliyopita aliyemzidi. Mwaka 1970 akachapisha kitabu kuhusu vitamini C na mafua, akiwahimiza watu kumeza viwango vikubwa kupita kiasi, na baadaye akadai kuwa vitamini hiyo huwasaidia hata wagonjwa wa saratani. Madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani waliyapima madai ya saratani kwa majaribio makini yaliyochapishwa mwaka 1979 na 1985, wakaona wagonjwa waliopewa vitamini hawakupata nafuu kuliko wasiopewa. Kuhusu mafua, kuimeza kila siku huenda kukaufupisha ugonjwa kidogo, lakini kwa watu wa kawaida hakuuzuii. Na bado, mpaka leo, wapo wagonjwa wanaoingia chumbani kwangu wakiwa na chupa za vidonge hivyo mkononi na imani kamili moyoni, wasijue kwamba imani ile chanzo chake ni heshima ya mtu aliyekuwa bingwa wa jambo jingine. Hilo ndilo linalonitia hofu. Jina kubwa huvuka mpaka wa fani kwa wepesi, lakini ujuzi uliolijenga jina hilo hauvuki pamoja nalo.

Lord Kelvin naye ni hivyo. Mwaka 1862, kwa kutumia hesabu za jinsi kitu cha moto kinavyopoa, mwanafizikia huyo alikadiria kuwa umri wa dunia ni kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kushikilia kiwango cha chini. Wanajiolojia waliokuwa wakisoma matabaka ya miamba walimwambia kuwa muda huo hautoshi. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika dhana aliyoanzia, kwamba joto la ndani ya dunia husafiri kama linavyosafiri katika jiwe lililotulia. John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake, alimwonyesha mwaka 1895 kwamba ikiwa sehemu za ndani zinaweza kusogea na kusambaza joto, umri huo huongezeka mno. Kelvin hakushawishika. Leo tunajua kwamba dunia ina takriban miaka bilioni 4.5.

Sisemi haya kumvunja moyo mtu, kwa maana na mimi ni mgonjwa wa maradhi hayohayo. Ninapenda mimea. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu mikoko ya Lamu, nikaenda na tawi nililolikata mwenyewe na kueleza kwa ufasaha mkubwa habari za gome la mkandaa, mmoja wa mikoko hiyo, na matumizi yake. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, aliyeishi kwa kukata boriti tangu ujana wake, alinyanyuka na kusema kwa upole: "Daktari, ulilolishika ni tawi la muia." Nililitazama lile tawi, na nilipotazama vizuri nikaona kuwa ni kweli. Kama mzee yule asingekuwapo, watoto arubaini wangeondoka na kosa langu kwa sababu tu nilikuwa nimevaa heshima ya udaktari. Tangu siku ile siendi popote kuzungumzia mikoko bila kwanza kulipeleka tawi langu kwa mtu wa mikoko.

Kwa hiyo swali langu kwako, dada, ni hili: daftari lako la mwezi limewahi kusomwa na mtu anayeweza kukukosoa?

Jibu kutoka kwa Mwana wa Magofu, Lamu

Nimeyasoma majibu ya wakubwa wangu kwa makini. Mimi ni mwanafunzi wa akiolojia, na ningependa kulitazama jambo hili kutoka upande wa mwenyeji, yaani wa fani inayotembelewa, kwa sababu fani yangu kwa sasa ina wageni wengi kuliko wenyeji.

Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA za watu 80 waliozikwa zamani katika pwani hii na bara yake, kukiwamo Manda na Faza katika visiwa vyetu, Mtwapa, na Kilwa na Songo Mnara upande wa Tanzania. Matokeo yake yaligusa mjadala ambao kila nyumba ya Lamu ina maoni juu yake. Katika wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa kwa upande wa akina mama. Na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hususan Uajemi, kwa upande wa akina baba zaidi, na mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Habari za Washirazi, kwamba mababu wa watu wa miji hii walitoka Uajemi, ambazo wasomi wengi walizichukulia kuwa ni hekaya za kujitafutia utukufu, zilionekana kuwa na kiini cha kweli. Na papo hapo dai la kikoloni kwamba miji hii ilijengwa na wageni halikupata nguvu, kwa maana miji, lugha na ufinyanzi vilikuwapo kabla ya hapo, na akina mama wale walikuwa na mchango mkubwa katika hayo yote.

Mmoja wa walioongoza kazi hiyo, David Reich, ni mwanajenetiki ambaye chuoni alisomea fizikia. Mwingine ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya aliyeifanyia utafiti pwani hii kwa miongo mingi. Ninawataja pamoja kwa makusudi. Mashine ya kusoma DNA inaweza kusema kwamba mtu huyu alikuwa na babu wa Kiajemi. Haiwezi kusema kaburi lake lilielekezwa wapi, lilikuwa karibu na msikiti au mbali nao, wala kama vigae vilivyokuwa juu yake ni vya karne ipi. Mtu wa nje akiuchukua mfupa bila kuwa na yule anayelijua kaburi, hupata namba isiyo na mahali pa kukaa. Nimewahi kukutana na wageni wa namna hiyo, na sitawataja. Waliuliza maswali mazuri sana, na shauku yao ilikuwa ya kweli, lakini walikuwa wamekwisha kuandika jibu kabla ya kushuka mashuani.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nakubali, kwa kuwa bila wanajenetiki tungekuwa tunabishana mpaka leo kwa kutumia vigae na nasaba peke yake. Ila ninadhani kuna kitu Tabibu amekigusa bila kukitaja kwa jina. Pauling na Smith wote walivuka mpaka wakiwa na mapenzi makubwa. Smith alikwenda kutoa huduma: aliwatambulia watu samaki wao, mmoja mmoja, kwa miaka, na kila alipokosea wenye samaki waliweza kumwambia. Pauling alikwenda kutoa uongozi. Ninaona tofauti hiyo ni nzito kuliko swali la kama mtu ana shahada ya fani hiyo au hana.

Nyongeza kutoka kwa Mwalimu wa Langoni

Tabibu, marahaba. Nimeukubali ukosoaji wako, hasa kuhusu Kelvin, ambaye nilikuwa nikiwasifia wanafunzi wangu bila kuwaeleza habari za Perry.

Lakini jana usiku sikupata usingizi mapema kwa ajili ya jambo moja katika swali la Binti, na namshangaa kila mtu hapa, nikiwamo mimi mwenyewe, kwa kutoliona. Wewe mwanangu unapima chumvi ya visima vilivyo karibu na bahari, na usiku unaandika habari za mwezi, nawe unazungumza kana kwamba hizo ni kazi mbili.

Hapa Lamu maji ya mji hutegemea vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huinywa mvua na kuitunza chini kama maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Mzee yeyote mwenye kisima atakwambia kwamba maji ya kisima hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa kuchelewa kidogo. Huko kwenu mwamba ni wa matumbawe, wenye matundu mengi, na bahari husukuma ndani yake kwa urahisi zaidi. Sasa niambie: unachota sampuli zako siku gani na saa ngapi? Na je, siku hizo huwa ni za bamvu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na bahari ikajaa na kupwa kupita kawaida, au za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na bahari ikajaa na kupwa kidogo tu?

Binti wa Ngomeni

Mwalimu, nililisoma swali lako nikiwa kazini, na ilinibidi nitoke nje nikasimame kidogo.

Ninachota kila Jumatatu, saa tatu asubuhi, kwa sababu ndiyo ratiba niliyoikuta. Katika visima vitatu vilivyo karibu zaidi na ufuo kuna tatizo ambalo limenisumbua kwa mwaka mzima: chumvi husomeka juu wiki hii, chini wiki ijayo, juu tena wiki inayofuata. Hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, kisha tofauti hupungua hadi karibu kutoweka, halafu hurudi, lakini kwa kupishana kinyume. Niliamini kuwa kipimo kimechakaa. Nilikipeleka kurekebishwa mara mbili, na katika ripoti zangu nilichukua wastani ili namba zitulie.

Jana usiku nilizipanga namba hizo kando ya daftari langu la mwezi. Kutoka bamvu hadi bamvu ni siku 14 na robo tatu, hivi. Mimi nachota kila baada ya siku 7, yaani karibu nusu kamili ya muda huo, kwa hiyo Jumatatu moja huangukia karibu na bamvu na inayofuata huangukia karibu na maji mafu. Kwa kuwa ile robo tatu ya siku hujilimbikiza, baada ya miezi miwili na siku chache Jumatatu zangu huwa zimehamia katikati ya bamvu na maji mafu, na tofauti hutoweka. Kisha huendelea kuhama, na kilichokuwa juu kinakuwa chini. Hata saa yenyewe ina athari, kwa sababu siku za bamvu, saa tatu au saa nne asubuhi, bahari yetu huwa imekupwa, na siku za maji mafu saa hizohizo huwa imejaa. Kipande cha namba zangu kinafuata mpangilio huo kwa ukaribu ulionitetemesha. Kipande kingine hakifuati, na hapo mvua za masika zinaweza kuwa zimeingilia kati, sitaki kulilazimisha.

Tabibu, umeuliza kama daftari langu limewahi kusomwa na mtu anayeweza kunikosoa. Halijawahi. Leo asubuhi nimempelekea nakala yake, pamoja na namba zote za chumvi ambazo sikuzichukulia wastani, mtu mmoja anayeshughulika na maji ya chini ya ardhi, na nimemwomba atafute kosa kwanza kabla ya kutafuta ukweli. Nimempelekea mkubwa wangu pia, nikamweleza kwamba ripoti zangu za mwaka jana kuhusu visima vile vitatu huenda zikahitaji kuandikwa upya, na nimemwomba ruhusa ya kupima kwa siku 15 mfululizo, asubuhi na jioni. Bado hajajibu.

Mwalimu, nina ombi moja. Babu yangu amekwisha kufariki, na mimi ninajua kuukokotoa mwezi lakini sijui kuisoma bahari. Ukiwa na muda, niandikie namna wazee wa Lamu wanavyohesabu siku za bamvu kwa tarehe za mwezi, na baada ya siku ngapi za mwandamo wanasema maji yamejaa kuliko siku zote. Nataka kuyaweka maneno yao kando ya hesabu yangu kabla ya kwenda kisimani.

Mwalimu wa Langoni

Nitakuandikia usiku wa leo, mwanangu. Nitampitia kwanza jirani yangu aliyekuwa nahodha wa jahazi, kwa sababu yeye anajua na mimi nilifundisha tu.